Chupa Kumi na Mbili Nilizoziosha

Nilipenda usafi kupita kiasi, na nakiri kuwa mapenzi yenyewe yalikuwa woga. Miaka michache baada ya Mapinduzi nilikabidhiwa stoo ya nyumba ya wageni ya serikali mjini, jengo lililokuwa klabu ya Wazungu. Kazi ile sikuisomea, nilijifundisha mwenyewe. Kila meneja aliponiita nilihisi amegundua kosa ambalo mimi mwenyewe bado sijaligundua.

Wazungu waliacha chupa kumi na mbili za mvinyo mwekundu, pamoja na kitabu cha Kiingereza cha kuueleza. Mimi ni Muislamu, sijapata kuonja. Lakini kuwa na kitu stoo nisichokijua kuliniumiza, nikakisoma kitabu kwa msaada wa kamusi mpaka kurasa zikaanza kuachia. Kilisema mvinyo wa namna ile ni mchanganyiko, zabibu za aina mbili tatu ndani ya chupa moja. Penye baridi na mvua za pwani zabibu huiva kwa taabu, na mvinyo hutoka mwembamba, mchachu. Penye vilima vya mawe na jua kali hutoka mzito, wenye moto. Na wakulima wa kule kwenye mvua hupanda aina nyingi kwa kuwa hawana uhakika na mbingu: hii ikioza, ile itapona. Hapo nilielewa mara moja. Bibi yangu, Makunduchi, alichanganya mtama, kunde na choroko katika kishimo kimoja cha udongo baina ya majabali, kwa sababu hiyohiyo.

Chupa sita zilikuwa za pwani ya baridi na sita za vilima vya jua. Nilizitambua kwa karatasi zake tu, maana zenyewe zilifanana.

Siku moja meneja akaniita. "Kesho mchana wanakuja wataalamu wawili wa kilimo. Mmoja kwao wanalima zabibu, kwenye hivyo vilima vya jua. Nataka aukute mvinyo wa kwao mezani. Ukiniaibisha nakurudisha kwa dobi, ukafue mashuka."

"Naam, Ndugu."

Chupa zilijaa vumbi na utando wa buibui. Kwetu mgeni hapewi hata maji kwa chombo chenye vumbi. Nikazitia zote kwenye beseni la maji moto na sabuni, nikazisugua kwa makumbi ya nazi mpaka zikang'ara. Nilipoanza kuzifuta nikaona karatasi zote zinaelea, wino umeyeyuka, hakuna herufi inayosomeka.

Nikamkimbilia mpishi mkuu, Mkristo ambaye wazee wake walitoka bara. Pale kazini ni yeye peke yake aliyekunywa bila kujificha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona umepauka hivyo, umeona shetani?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika meza. "Umeosha maiti, mwanangu! Kumi na mbili kwa mpigo, na sabuni!"

"Tafadhali nionjee. Ukinieleza nitajua upi wa wapi."

Tukafungua mbili. Ya kwanza akaiweka kinywani, akakunja uso. "Zambarau. Ile isiyoiva, inayokausha ulimi."

Pwani ya baridi, nikaandika.

Ya pili: "Huu una moto. Unashuka kama chai ya tangawizi."

Vilima vya jua! Nilitaka kuruka.

"Ngoja," akasema, akairudia ya kwanza. "Na huu nao una moto." Akairudia ya pili. "Na huu zambarau imo."

"Upi zaidi?"

"Mwanangu, mimi niulize mchuzi."

Nikanusa mwenyewe. Zote zilinuka kabati la zamani. Nikakumbuka kuwa zilikaa miaka ndani ya stoo inayotoa jasho tangu asubuhi, na kitabu hakikusema joto la Unguja huufanya nini mvinyo wa pwani ya baridi. Labda wote ushakuwa wa nchi ya jua. Labda wote ushaharibika. Sikujua tena nalinganisha nini na nini.

Kesho yake, mezani, nikamimina chupa ya pili. Yule mgeni wa zabibu akanusa, akaonja. Akaniuliza kwa Kiingereza mvinyo ule umetoka kilima gani. Majina ya vilima niliyahifadhi yote, ningeweza kutaja moja.

"Sijui, bwana. Nimeziosha, karatasi zikabanduka."

Nikaileta na ya kwanza. Wakaonja zote mbili, wakabishana, huyu akisema hii, mwenzake akisema ile. Mwisho yule wa zabibu akanigeukia. "Na wewe unaonaje?"

"Mimi sinywi."

 Wageni wakacheka, kicheko kisicho na ubaya. Meneja hakucheka.

Alasiri akaniambia, "Kwa dobi sikupeleki. Lakini vinywaji namkabidhi mpishi. Anayeonja ndiye aseme."

Ningepaswa kumshukuru Mungu, Muislamu nimeondolewa kwenye mvinyo. Badala yake nililia nyuma ya magunia ya mchele, na nilichokililia sikukijua. Mpishi akanikuta.

"Basi weye," akasema. "Mimi Kiingereza sikisomi. Zikija chupa mpya na karatasi zake, nani atanisomea?"

"Mimi," nikajibu, haraka mno, na papo hapo nikaanza kuogopa kwamba nitasoma vibaya.