Mzee na Kuukuu

Bibi yangu alianguka kando ya kisima kijijini Kwedizinga, Handeni, akaumia mguu, akabaki pale chini mpaka wapita njia walipomwinua. Hakuwa na mtu mwingine ila mimi, nami nilikuwa nikifanya kazi stoo katika shamba moja la mkonge karibu na Korogwe, enzi za Waingereza. Nilitaka kumleta akae nami. Lakini kambini aliruhusiwa mfanyakazi, mke na watoto tu. Zaidi ya hapo, mpaka meneja akubali.

"Kwani si anakuita mume wangu?" karani mwenzangu alinitania. "Sema unamleta mkeo."

Sikucheka. Meneja alijua Kiswahili cha kuamrisha tu, kwa hiyo niliamua kumwomba kwa Kiingereza, nacho nilikuwa nimejifunza peke yangu kwenye kamusi isiyo na jalada. Mimi ni mtu nisiyeweza kutamka sentensi kabla sijaipima, nikaivunja, nikaipima tena. Niliogopa kwamba neno moja baya lingemwacha bibi kule kule.

Neno lililonitisha ni "old". Nililijua vizuri mno. Ndilo nililokuwa nikilipaka kwa rangi nyeusi juu ya magunia yaliyotoboka na mikanda ya mashine iliyokatika, ili vikatupwe. Kwetu gunia ni kuukuu na bibi ni mzee, na hata mtoto hachanganyi. Kamusi ilisema Mwingereza ana neno hilo hilo kwa vyote viwili. Sikuiamini. Nilidhani lazima wanalo jingine la heshima, labda lilikuwa kwenye kurasa zilizochanika.

Basi nikatafuta pa kupitia. Niliposimama mbele ya meza ya meneja nikasema, kwa Kiingereza nilichokikariri, kwamba bibi yangu amekula chumvi nyingi.

Meneja aliweka kalamu chini. "Chumvi?"

"Ndiyo, bwana. Nyingi sana."

Akamwita mgawa posho na kumwagiza anipimie chumvi ya ziada. Nikatoka na kifurushi mkononi.

Karani alicheka mpaka akashika ukuta. "Sasa mzungu anajua bibi yako ni mlafi. Amemaliza chumvi yote ya Handeni."

"Nifanyeje?"

"Rudi ukaseme ni mzee."

"Kwa neno la magunia?"

"Unalo lingine?"

Sikuwa nalo. Usiku ule sikula. Nilimwona bibi akilini, amepakwa rangi nyeusi mgongoni, na mimi ndiye niliyeshika brashi. Lakini pia nilimwona kisimani.

Kesho yake nikarudi. Nilisema kwa Kiingereza kwamba bibi yangu ni mzee, ameanguka, hana mtu, naomba akae kwangu. Lile neno lilipotoka niliangalia sakafu.

Meneja akanijibu kwa Kiswahili chake. "Jana wewe nasema chumvi, chumvi. Leo nasema mzee. Sasa mimi nafahamu. Lete yeye."

Hakubadilika uso hata kidogo. Lilikuwa neno tu, kwake.

Nilimfuata bibi, nikarudi naye kwa lori lililokuwa likitoka Handeni na mahindi. Furaha yangu haikufika hata Korogwe, maana njiani nilianza kuyachambua yale maneno mawili. Lete yeye. Akae mpaka lini? Mwezi? Mpaka apone mguu? Sikuthubutu kwenda kuuliza, nisije nikaharibu.

Bibi akaishi nami kambini. Kila gari la meneja lilipopunguza mwendo karibu na mlango wetu, nilitoka nje nikasimama, midomo ikicheza, nikipanga sentensi nyingine. Yeye alikuwa ameketi kizingitini akichambua mchicha.

"Sogea, mume wangu," alikuwa akisema. "Unaniziba jua."