Sanduku la Katuni Alizozichafua Marehemu Mume Wangu

Wasomaji wenzangu, nimeomba ukurasa huu ufiche jina langu, kwa sababu Lubumbashi ni mji mkubwa kwa mgeni tu. Sisi wenyewe tunajuana. Nina miaka thelathini na miwili, ni mjane, naishi mtaa wa Hewa Bora na binti yangu mmoja. Nisomeni kwa huruma, na anayetaka kucheka angojee mwisho.

Mume wangu alikuwa mfanyakazi wa shaba, mtu wa maneno machache. Kuna wanaume wa pombe na kuna wanaume wa wanawake. Wangu alikuwa mwanamume wa vitabu vya katuni. Wazungu walipofunga mizigo kurudi kwao, wenzake walikimbilia kununua friji zao, yeye akarudi na katuni kwapani. Alizifunika kwa karatasi ya mifuko ya saruji, akazipanga katika sanduku la bati. Mimi Kifaransa kilinipita kando, kwa hiyo sikuwahi kuzifungua.

Jumapili watoto wa mtaa walijaa barazani kwetu kusoma. Kisha ikaja amri ya serikali: wanaume marufuku tai, wavae abakosti, koti la kola lisilotaka tai, wanawake marufuku suruali, wavae kitenge. Jirani yetu alikatwa tai yake barabarani, mchana kweupe, na hapo nisiendelee. Mume wangu akaogopa wasije wakamnyang'anya vitabu. Akanunua chupa ya wino, akawa anawafuta tai watu wa kwenye picha na kuwachorea kola za abakosti.

Nilimtania, "Baba, na bale bantu ba mu karatasi, nabo batabafunga?"

Akajibu, "Mama, acha. Muntu akikuya kutafuta kosa, asikute."

Homa ilimchukua mume wangu, binti yetu akiwa bado hajaanza kutembea. Matanga yalipokwisha, ndugu zake walikuja kuchukua vitu vya ndugu yao, kama desturi. Walibeba redio, baiskeli, kitanda, hata sufuria ya kusongea bukari, ugali wetu. Picha yake ya ukutani ilikwenda pamoja na fremu. Kaka yake mkubwa, ambaye ndiye mkuu wa jamaa, alifungua sanduku akacheka: "Ni karatasi ya batoto. Bakia nayo." Kikulacho ki nguoni mwako. Nililirudisha sanduku pembeni, mradi waliniachia nyumba.

Mwaka huu shemeji huyohuyo mkubwa ameikumbuka nyumba. Anataka mwanawe aoe na kuishi humu, mimi nirudi kwetu. Ndipo nikapakia sanduku kwenye mkokoteni, nikalipeleka kwa mwalimu mmoja Mbelgiji anayekusanya vitabu hivyo. Nilitumaini thamani yake itanipatia walau kiwanja kule Kasungami, pembeni mwa mji.

Mwalimu alivua karatasi za saruji taratibu. Akakagua migongo, pembe, pini kama zimeshika kutu, akanusa kama kuna ukungu. Uso ukamng'aa. "Mama, bwana yako alijua kutunza." Kisha akafungua ndani, akashika kichwa.

"Ah non! Nani alifanya hivi? Angalia, mama, hata banamuke alibavalisha bikwembe!"

Nikaangalia. Jamani! Kila mwanamke mwenye suruali alikuwa amevikwa kitenge cha samaki wadogo, mmoja anatazama juu, mwingine chini. Ndicho kitenge nilichovaa siku aliyokuja kunichukua kwetu Ruashi. Nikafungua kitabu cha pili, cha tatu, samaki walewale. Mtu ambaye hakuwahi kunitamkia kwamba ananipenda! Nililia pale mpaka mke wa mwalimu akaniletea maji.

Mwalimu alinieleza bila kunificha. Jinsi zilivyo, katuni zile si kitu. Lakini ana rafiki Ulaya anayejua kuondoa wino wa chupa. Ingekuwa kalamu ya bic, ambayo wino wake hautoki, asingehangaika. Wino ukitoka, sanduku litakuwa na thamani kubwa, maana mfululizo umetimia. Kikiharibika kitabu kimoja tu, halitaki tena.

Habari zilimfikia shemeji kabla sijafika nyumbani, au karibu hivyo. Alikuja na sura ya upole.

"Shemeji, tusikilizane. Unipatie sanduku, weye na mutoto mubakie na nyumba. Nitasema mbele ya jamaa yote."

"Si ulisema ni karatasi ya batoto?"

Hakuona haya. "Ndiyo. Na sasa mutoto ni miye."

Dada yangu anasema nisiwe mjinga, kitenge cha karatasi hakizuii mvua. Ana haki, najua. Ila binti yangu sasa ana akili, ananiuliza baba yake alikuwa mtu gani, nami sina hata picha ya kumwonyesha. Nina samaki tu. Nimpe shemeji hao nao wakaoshwe Ulaya, tulale chini ya bati letu kama waliokosa mume na baba tangu mwanzo?

Katika kitabu cha mwisho kuna mwanamke anashuka kwenye ndege. Kitenge chake kimefika magotini, halafu suruali inaendelea. Homa ilimkuta mume wangu hapo. Tangu jana kitabu kimefunguliwa mezani, na kando yake bic ya shule ya binti yangu. Jamaa wanakutana Jumamosi. Nishaurini, ndugu zangu: nikifunge, au nimmalizie mume wangu samaki wake?