Penseli Chini ya Rangi

Mafundi wenzake walimwita Bi Pima Maji, kwa kuwa hakuamini jicho la mtu yeyote, hata lake mwenyewe, mpaka kile kipovu cha hewa kitulie katikati ya chombo. Kwa miaka ishirini na miwili alipiga lipu nyumba za watu. Saruji ilimla vidole hata mistari ya dole gumba ikafutika. Kila alipoambiwa aweke dole kwenye fomu, wino ulitoa doa tupu. Alizoea kucheka na kusema kwamba serikali haimjui.

Asubuhi hii hakucheka. Alisimama katika chumba cha kwanza cha jengo la ghorofa nne, akakodolea macho ukuta mweupe juu ya mlango.

Kazi yao ina desturi yake. Fundi lipu akimaliza chumba hupima, huandika vipimo kwa penseli juu ya mlango, na msimamizi hutia sahihi kando. Fundi rangi hagusi chumba hicho kabla mwenzake hajalipwa. Ukuta ndio daftari, ndio risiti, ndio shahidi. Bi Pima Maji hakuwahi kumiliki daftari jingine. Na sasa vyumba vyote thelathini na sita vilikuwa vimepakwa.

"Nani kakupa ruhusa?" alimuuliza fundi rangi, aliyekuwa akikoroga ndoo yake bila sababu.

"Mama, usinikabe. Bosi kasema nisipopaka nikatafute kazi kwingine."

"Na wewe ukachovya brashi."

"Nina watoto, mama."

"Mimi nimezaa vyura?"

Mkandarasi, yule waliyemwita Wiki Ijayo, alikuwa amemzungusha mwezi mzima. Mkataba wake ulisema fundi atalipwa baada ya mkandarasi kulipwa na mwenye jengo. "Sijalipwa, nitoe wapi?" alimwambia kila alipokwenda, huku funguo za gari jipya zikining'inia kidoleni. Kipengele hichohicho, kwa mkandarasi mwingine, ndicho kilichomlaza mumewe, naye fundi, kwenye godoro na nusu ya dawa alizoandikiwa. Alikufa akiwa bado anadai. Kumbukumbu hiyo haikuwahi kupoa kifuani mwa Bi Pima Maji.

Jana yake jioni mkwewe, mke wa mwanawe, aliyekuwa akifanya kazi duka la fotokopi, alimletea nakala ya sheria mpya.

"Kipengele kile kimekufa, mama. Mwenye jengo alipe asilipe, wewe unalipwa. Ila udai kwa maandishi, na vipimo, ndani ya siku thelathini tangu umalize kazi. Asipojibu kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne, dai lako linasimama kama lilivyo. Akibisha, kuna mwamuzi."

"Leo ni siku ya ngapi tangu nimalize?"

"Ya ishirini na nane."

Ndiyo maana yeye na mkwewe walikuja alfajiri wanakili vipimo. Wakakuta weupe.

Fundi rangi alilowesha kitambaa, akasugua juu ya mlango. Ilikuwa rangi ya maji, mkono mmoja tu, tena wa harakaharaka. Ikalainika, ikatoka, na chini yake zikajitokeza tarakimu mbili hafifu na mkia wa sahihi. Alipozidi kusugua, penseli nayo ikaanza kufifia.

"Acha!" Bi Pima Maji alimpokonya kitambaa. "Usiniue mara mbili. Shika utepe."

Wakapima upya. Fundi rangi alishika ncha moja, Bi Pima Maji nyingine, mkwe akaandika. Walipanda ghorofa hadi ghorofa kutwa nzima. Hakuna aliyekula. Karibu na chumba cha mwisho fundi rangi alikohoa.

"Na rangi je? Hata mimi sijalipwa. Sheria hiyo inanihusu?"

"Muulize mkwe wangu. Mimi bado sijamaliza kukukasirikia."

Siku ya thelathini, Wiki Ijayo aliwapokea Bi Pima Maji na mkwewe ofisini kwa mikono miwili.

"Mama yangu! Mbona umekuja na makaratasi kama hakimu?"

Alisoma. Tabasamu likamwisha. Akafungua droo, akatoa bahasha na fomu.

"Nusu hii hapa, taslimu. Saini hapo kwamba huna dai lingine. Hayo mambo ya sheria utazeeka nayo."

"Nimeshazeeka kwenye ngazi zako."

"Vipimo hivi kathibitisha nani? Nionyeshe sahihi ya msimamizi wangu."

"Ipo chini ya rangi yako. Chumba cha kwanza tumeshaifunua. Vilivyobaki nitavifunua mbele ya mwamuzi, kimoja kimoja, na wewe utashika ndoo ya maji."

Bi Pima Maji aliitazama bahasha. Ilikuwa nene, na kodi ya nyumba yake ilikuwa imepita siku ya kulipwa. Akaisukuma kwa kidole kimoja hadi upande wa pili wa meza.

"Gonga muhuri kwenye nakala yangu. Na tarehe."

Karani wa ofisi alimtazama bosi wake. Bosi alitazama dirisha. Muhuri ukagongwa.

Nje, mkwe alimshika mkono. "Tumeshinda, mama?"

"Tumepeleka karatasi. Hesabu siku kumi na nne."

Ng'ambo ya barabara jengo lilimeremeta juani. Kuta zake zilikuwa zimenyooka, hazina wimbi hata moja. Alijua, kwa kuwa alizipima mwenyewe. Kumbe kwa miezi mitano alikuwa amemnyooshea kila ukuta mtu aliyepinda vile. Alitema mate vumbini, akakunja nakala yake yenye muhuri, akaitia kifuani.