Mirija ya Kaboni Sikuiacha

Katika hoteli moja ya Diani, mbele ya jopo lililokuwa likichagua watafiti wa kwenda ng'ambo, profesa mmoja kutoka bara alifunga faili langu kabla sijamaliza kueleza nitakavyotoa elektroni kwenye mirija ya kaboni kwa leza.

"Binti, wewe ni mtu wa Kinondo," akaniambia. "Kwenu kuna minazi, kuna mwani. Mbona usitafiti vitu hivyo? Mambo ya leza waachie wenye maabara."

"Kwa heshima zako, profesa," nilimjibu, "hata Kinondo elektroni zipo."

Mama mmoja wa jopo akacheka, akasema, "Mwacheni amalize."

Nikaeleza nikiwa nimesimama. Mirija ya kaboni ni myembamba mno. Unywele kando yake ni gogo la mnazi. Ukiimulika kwa leza, ule mwale mkali wa mwanga, elektroni huchomoka nchani, na mwanga ukikatika, nazo hukoma. Kwa elektroni hizo mtu aweza kupata picha ya vitu vidogo vinavyokwenda kasi, ambavyo jicho haliviwahi.

Nilichaguliwa, ingawa profesa hakunipa mkono.

Jioni nilimkuta mama yangu nyumbani akikuna nazi, nikamsimulia. Akaniuliza, "Sasa hizo elektroni ukishazitoa, zinakwenda wapi?"

"Ninazielekeza ninakotaka, mama."

"Basi nenda. Watu watasema tu."

Huko ng'ambo sampuli ya kwanza ya mirija iliungua chini ya leza. Ya pili nayo ikaungua. Msimamizi wangu, mtu mpole, alinishauri nihamie hesabu za kompyuta, nisipoteze muda wangu.

"Muda ni wangu," nilimwambia. "Niache nijaribu tena."

Nilipunguza nguvu ya leza. Nikaiotesha mirija upya, safari hii kwa nafasi, maana ikisongamana huzuiana. Asubuhi moja mkondo wa umeme ulipanda kwenye skrini, ishara kwamba elektroni zinachomoka. Nikaziba mwanga, mkondo ukaanguka. Nikaufungulia, ukapanda. Nilirudia mpaka msimamizi akavuta kiti, akakaa kando yangu. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Wenye maabara ile waliponiomba nibaki, nilikataa. Sasa ninafundisha huku pwani, na chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu tumekifanya maabara. Leza yetu ni dhaifu, na umeme hukatika katikati ya kazi. Wageni huniuliza kama kweli haya yanawezekana hapa.

Huwaambia wangoje. Umeme ukirudi, tunaanza upya.