Bango Lilisomeka

Mimi nimesoma hadi darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza, kwa hiyo mtu asinitafutie hapa maneno ya chuo. Kupiga picha nilifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa na studio Same mjini, enzi za filamu. Mkali. Ukimuunguzia filamu alikuwa anakutazama tu, mpaka unatamani akuzabe kofi yaishe. Yeye ndiye aliyenieleza habari ya shata, kwamba ni mlango. Ukiufungua na kuufunga haraka, mtu anayekimbia ananaswa akiwa hewani, hadi kucha unaziona. Ukiuacha wazi kidogo, mwanga unaingia mwingi, picha inang'aa, ila mkimbiaji anatoka amefutika kama chaki iliyopitiwa na kiganja. Aliyekaa kwenye kiti hana shida. Aliyekaa anatoka vizuri siku zote.

Mashindano yenyewe yalikuwa Myamba, mbio za shule, mwaka jana. Mjukuu wangu, ambaye mimi na bibi yake tunamlea tangu hajaota meno, alikuwa anakimbia mita mia nane. Mshindi mmoja tu ndiye angekwenda mkoani, na kule, walisema, kuna watu wanachagua watoto wa kuwasomesha kwa ajili ya miguu yao. Wangu alikuwa nayo miguu. Hakufundishwa na mwalimu, alifundishwa na tangawizi. Ukipandisha tangawizi kichwani kutoka bondeni hadi barabarani tangu u mdogo, siku ukiambiwa ukimbie mahali tambarare bila mzigo unaona wanakutania. Na wanunuzi wa tangawizi nao, wale watu... basi, tuwaache, nikianza nao sitamaliza.

Shida ya uwanja wa kule ni ukungu. Asubuhi jua, alasiri wingu linashuka mlimani linaulalia uwanja kama blanketi bichi. Mbio zilipangwa asubuhi. Zikamsubiri mgeni rasmi. Watoto wakapasha misuli, wakapoa, wakapasha tena. Tukaambiwa mgeni yuko Lembeni. Baadaye sana tukaambiwa bado yuko Lembeni, anakula. Alipofika, jua lilikwisha kwenda zake.

Kamati ndiyo iliyoniita nipige picha, na neno lilikuwa limepitishwa mbele ya walimu wote: waamuzi wakishindwa kujua nani kavuka kwanza, picha yangu itaamua. Video za simu hazitakiwi, maana mwaka uliotangulia kila shule ilileta simu yake na kila simu ikawa na mshindi wake. Basi nikaweka shata ya elfu moja, ule mlango wa haraka. Kwa ule ukungu nikapandisha ISO hadi mwisho, yaani unailazimisha kamera ione kizani, na yangu ni ya zamani, ukiilazimisha inakulipa chenga. Picha nyeusinyeusi, ina chenga, lakini miguu unaihesabu. Kwa mbio ndivyo inavyotakiwa.

Katibu wa kamati akaja kuchungulia kioo cha kamera.

"Mzee, mgeni rasmi yuko wapi hapa?"

"Huyo, chini ya turubai."

"Huyu? Si gunia la mkaa hili! Na bango halisomeki."

"Hii ni shata ya wakimbiaji, katibu. Nikimwangazia mgeni, watoto watafutika."

"Watafutikaje na wanapita hapahapa mbele yake? Ongeza mwanga."

"Mwanga ulikuwepo asubuhi. Mkauacha uondoke."

Walimu waliokuwa jirani wakacheka. Yeye hakucheka.

"Piga flashi, basi."

"Flashi kwenye ukungu inamulika ukungu."

"Mzee wangu, shikamoo." Ile shikamoo ya kukuambia unyamaze. "Nimekuita kwa heshima. Vijana wenye kamera kali wananipigia simu kila siku. Mgeni, bango na mshindi, kwenye picha moja, na ing'ae. Unaweza, huwezi?"

Akaniwekea mkono begani, akabaki hapo mpaka nikaizungusha shata hadi sitini, mlango wa polepole. Nikapiga ya majaribio. Mgeni akaonekana hadi meno.

"Umeona? Ulikuwa unajivunjia heshima bure."

Mkono hakuutoa. Mbio zikaanza akiwa hapo hapo nyuma yangu, ananipumulia shingoni.

Kona ya mwisho walikuja wawili tu: wangu, pekupeku, na binti mmoja wa shule ya tambarare mwenye raba mpya. Bega kwa bega. Watu wakapiga kelele hata sikusikia kamera ikilia. Mwamuzi mmoja akasema wa pekupeku. Mwenzake akasema wa raba. Wakaja kwangu.

Tukakiinamia kioo. Bango lilisomeka, herufi zote. Mgeni amekutanisha viganja vya makofi, vimetulia, hata saa yake ya mkononi unaona inaonyesha ngapi. Chupa za maji mezani zinameremeta. Na mbele ya meza kuna michirizi miwili ya rangi, imeingiliana, kama uji uliomwagika.

"Haionyeshi," mwamuzi akasema.

"Warudie," nikasema. "Wapumzike, warudie."

"Mgeni ana safari," katibu akasema. Akawatazama wale mabinti, si usoni, miguuni. "Huyu ana raba. Huyo tukimpeleka mkoani pekupeku atatutia aibu."

Ikaisha hivyo. Mgeni akapiga makofi tena.

Mjukuu wangu akaja bado anahema, akaomba aone. Akakisogeza kioo karibu na macho.

"Babu, mimi ni yupi?"

"Wa mbele."

"Wote wako mbele, babu."

Nikaizima kamera.

Picha ile waliisafisha kubwa, wakaitia fremu, iko ukutani ofisini kwa katibu. Nimeiona, nilikwenda kwa shughuli nyingine. Alikuwa na wageni, anawaonyesha. "Tazameni mgeni alivyofurahi!" Wakaisifu, wakanisifu na mimi. Michirizi ile ni nini, hakuuliza mtu.

Mwaka huu wakaniita tena. "Piga kama ile ya mwaka jana, mzee." Nikaenda, nikaligeuzia turubai mgongo, shata elfu moja, nikapiga watoto tu. Zilitoka safi ajabu. Kisigino hakijagusa chini, tope limeruka, ulimi nje. Watoto wa watu. Kamati wakanikabidhi asante na kuniambia mwakani watamwita kijana. Wamwite.

Wangu hakukimbia. Aliacha siku ileile ya mwaka jana. Hakulia, kesho yake akachukua gunia na kamba. Nilipokuwa nashuka kutoka uwanjani nilimkuta kando ya barabara, amesimama na gunia la tangawizi, anasubiri gari la mnunuzi. Kelele za mbio zilikuwa zinafika pale vizuri kabisa. Yeye anatazama upande wa pili.

Nikainua kamera nikampiga. Shata sikuigusa. Ya elfu, ya sitini, weka yoyote unayotaka. Ametulia kabisa, kila kitu kinaonekana.