Sanduku la Barua la Kila Mtoto

Papa alifundisha jiografia hapa Kisangani mpaka alipostaafu. Baada ya hapo akaanza kuandika, katika daftari za shule, habari za mitaa ya mji kama alivyoijua. Jumamosi moja asubuhi alishuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba yangu mtaani Mangobo, daftari sita ndani ya mfuko wa plastiki, akaniambia anataka tovuti.

"Ya nini, papa?"

"Ya ninyi watoto. Muko mbali mbali. Kila mutu atasoma kwake."

Mimi ni sekretari. Kuchapa kwa kompyuta najua, lakini tovuti sikuwahi kutengeneza. Hata hivyo nilikodi nafasi ya tovuti kwa kampuni moja ya mbali, kwa jina la ukoo wetu, na Jumamosi iliyofuata tukaketi mezani pamoja. Nilipoingia, paneli ya kuendeshea tovuti ilifunguka: ukurasa mzima wa vipicha vidogo, kila kimoja na jina lake kwa Kifaransa. Nilitamani kufunga kompyuta. Papa akavaa miwani.

"Bon. Tuanze juu, kushoto."

Ndivyo alivyokuwa akisomesha ramani. Tukapitia kipicha kimoja kimoja, na vingi hatukuvielewa. Mahali pa kuweka faili tulipaelewa, au tulidhani hivyo. Nikapandisha ukurasa wa kwanza, habari za soko, tukafungua anwani yetu kwenye simu. Weupe mtupu. Nikarudia mara tatu. Papa ndiye aliyegundua kwamba nilikuwa nimeweka faili nje ya folda ambayo watu wa nje wanaweza kuisoma.

"Umeacha daftari mu couloir," akasema, yaani kwenye ujia, nje ya darasa.

Nikaihamisha, na ukurasa ukatokea. Papa alisogeza simu karibu na macho, akasoma mpaka mwisho, kisha akanionyesha kosa la herufi.

Baadaye akaona picha ya bahasha. Nikamweleza kwamba pale tunaweza kutengeneza anwani za barua pepe zenye jina letu.

"Ngapi?"

"Nyingi, papa."

Akaanza na mama, ambaye hakuwa na simu ya intaneti wala hakuitaka. Kisha sisi watoto sita, kwa mpangilio wa kuzaliwa. Neno la siri la kila mmoja papa alilichagua mwenyewe, na alipoanza kuyataja nilitambua ni majina ya utani aliyotuita tulipokuwa wadogo. Langu sikuwa nimelisikia tangu shule ya msingi. Nikaliandika polepole. Paneli ikalikataa, ikasema ni dhaifu.

"Inataka tuongeze namba, papa."

"Mutoto wangu hakukuwa na namba."

Ilibidi nimbembeleze kidogo ndipo akakubali.

Mdogo wetu wa mwisho anafanya kazi Opala, ambako mtandao unapatikana kwa shida. Papa alimwandikia kwenye karatasi maelezo yote ya kufungua sanduku lake, akampa msafiri aliyekuwa akienda huko. Kwa wiki tatu, kila nilipofika kwa wazazi, papa aliniomba nifungue masanduku yote saba kwenye simu yangu. Yalikuwa matupu. Ndugu zangu wengine walikuwa wamesoma ile tovuti, wakampigia papa simu kumpongeza, lakini hakuna aliyeandika.

Barua ya kwanza iliingia katika sanduku la mama. Ilitoka Opala. Mdogo wetu aliandika kwamba yuko muzima, kwamba pondu ya huko, mboga ya majani ya muhogo, haifikii ya mama, na kwamba papa amekosea katika ukurasa wake: mlango wa soko wa zamani ulikuwa upande wa pili.

Papa aliichukua simu yangu mpaka jikoni, akamsomea mama aliyekuwa akitwanga.

"Soma tena," mama akasema.

Akasoma tena, hata ile sehemu ya mlango. Mama akaweka mchi chini, akafuta mikono, akaanza kusema jibu. Papa aliandika kwa kidole kimoja, na kila baada ya maneno machache alimwomba apunguze mwendo.

"Umwambie pia mimi nakumbuka ule mlango," mama akasema. "Mtoto iko na haki, ulikuwa upande wa pili."

Papa akamtazama kidogo, kisha akaliandika hilo pia.