Gari Lililozaa Oili

Nyumba yangu iko Amu mjini, ambako hakuna barabara ya gari, na gari langu liliishi Mokowe, ng'ambo ya maji. Nikitaka kuliona nililipa nauli ya boti. Kuna watu hufuga ng'ombe bara; mimi nilifuga gari la dizeli, la mtumba, lililoinuka kidogo kutoka chini ili mtu mzima apande bila kuinama. Nililipia mahali pa kulilaza, mlinzi, bima, na mtu wa kulisuuza chumvi kila Ijumaa. Kuliendesha ndiko nilikokusahau.

Nililinunua kwa ajili ya mama. Nyonga yake moja imekufa, na basi la Malindi lina ngazi ndefu, tena kwenye kila kizuizi cha polisi abiria huteremka na vitambulisho. Mama aliteremka mara moja, akaapa hatateremka tena. Miaka saba ikapita hajamwona dada yake, mama mkubwa wangu, aliyeolewa Malindi. Walizungumza kwa simu, yaani walipigiana kelele, maana mmoja hasikii na mwenziwe hasikilizi. Halafu tukaletewa habari kwamba mama mkubwa ameanza kusahau watu. Alianza na majirani, akaja kwa mkwewe, ambaye mama alitania kwamba hata yeye, mzima wa akili, humsahau, kisha akamsahau mjukuu aliyemlea mwenyewe. Hapo mama aliacha kucheka.

"Nipeke Malindi," akaniambia. "Asinisahau na mimi."

Nikamwahidi. Lakini nina tabia moja mbaya: kitu kizuri nikikipata hukiweka. Nina seti ya vikombe ambayo bado imefungwa gazeti la dukani. Gari nalo nikaliweka, nikisema lisichoke kabla ya safari. Mara ngoja Ramadhani iishe, mara ngoja wageni niliowapangisha vyumba vya juu waondoke. Niliendesha mpaka Hindi tu, kijiji jirani na Mokowe, kununua maembe na makaa, mwendo wa dakika chache, nikalirudisha na kulifunika turubai.

Binamu yangu, fundi wa injini za boti Matondoni, ndiye aliyenipa ushauri. "Dizeli ni dizeli, dada. Injini isiyopigwa hufa. Na ipigwe kila siku asubuhi, ingurume robo saa, izimwe." Kwa boti labda ni kweli. Mimi sikujua tofauti, na yeye hakujua kwamba hajui.

Kazi hiyo nikampa mlinzi wa pale Mokowe, mtu wa bara, mwaminifu wa kupindukia. Kila asubuhi aliliwasha gari, akanipigia simu na kuiweka juu ya boneti. "Madam, isikie." Nami nikakaa darini na kikombe cha chai, nikisikiliza gari langu likinguruma ng'ambo bila kwenda popote. Niliridhika sana. Nilihisi ndio umiliki wenyewe.

Baada ya miezi kadhaa binamu akavuka kulikagua. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa, akakichovya tena, akakiinua kwenye mwanga. Oili ilikuwa imepanda juu ya alama. Hakuna aliyeongeza hata tone.

"Gari za watu hula oili," akasema taratibu. "Hili lako lazaa. Hii ni baraka, dada. Umetoa sadaka?"

Nilikuwa nimeonywa na kila mtu kwamba gari kuukuu la dizeli litanifilisi kwa oili. Basi nikakanda mahamri, nikapeleka msikitini sinia mbili, na kila aliyewahi kunicheka nikahakikisha amepata lake mkononi mwangu.

Siku ya safari ilifika kwa sababu mama alichoka kungoja. Aliniita asubuhi, amevaa buibui na viatu. "Yeo," akasema. Leo, si kesho. Vijana wawili wakambeba kwenye kiti cha plastiki mpaka gatini, tukavuka, tukaondoka Mokowe saa mbili. Kabla hatujafika Hindi ikawaka taa ya manjano mbele yangu, yenye picha ya kisanduku na vitone ndani. Nikaipuuza. Tulipopita Witu gari likakata tamaa. Nikikanyaga mafuta, linaguna tu, halivuki arubaini. Pikipiki iliyobeba godoro la watu wawili ikatupita.

"Wa godoro amekupita," mama akasema.

"Nimemwona, mama."

"Na yule wa mbuzi yuaja nyuma."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tulikwenda hivyo hivyo mpaka Malindi, mama akinitajia kila aliyetupita, na nikawa nimelowa jasho kwa hasira na aibu. Alasiri ilikuwa karibu tulipoingia gereji ya kwanza niliyoiona.

Fundi alichomoa kijiti, akakinusa. Akanitazama kama daktari anayetaka kuuliza mgonjwa alikula nini. "Mum, hii si oili. Hii ni dizeli imejificha ndani ya oili. Unaiendesha aje hii gari?"

Nikamweleza, kwa fahari iliyopungua neno kwa neno. Akanifafanulia kwamba kwenye ekzosi mna chujio la kunasa masizi. Chujio hilo hujisafisha kwa moto wa safari ndefu. Mimi nililiwasha gari kila siku bila safari. Chujio likajaa, likataka kujichoma, likaomba dizeli zaidi, moto usitoshe, na dizeli ile ikateremka kwenye oili. Kila asubuhi, robo saa. Ndiyo ile baraka niliyoitolea sadaka.

Nikampigia binamu. "Kwani boti lina chujio?" akasema, na akakata kabla sijapata tusi linalomfaa.

Fundi akabadilisha oili, akaunganisha kompyuta yake, akachoma masizi kiasi alichoweza. "Yaliyobaki malizia barabara ya Mombasa. Themanini, usizime injini, usipunguze mwendo, mpaka taa izime yenyewe. Ukikatiza, utanunua chujio jipya." Akataja bei. Kwa bei hiyo ningenunua injini ya boti.

"Twende kwa ndugu yangu kwanza," mama akasema.

"Umemsikia fundi, mama. Tutarudi."

Nyumba ya mama mkubwa iko kando ya barabara hiyo hiyo. Nilishaanza kushika kasi nilipomwona ameketi kibarazani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nikapita. Ndiyo, nilipita, nilikuwa nikiitazama taa. Mama akanipiga bega, kisha hakunipiga tena. Alisema kwa sauti ndogo, "Miaka saba, nawe wampita."

Nikarudi kinyumenyume huku lori likinipigia honi, nikasimama langoni, injini ikiwaka. Mama akateremsha kioo. Mama mkubwa akaja kwa mkongojo, ameshikwa na mkwewe, akautazama uso ule kwa muda mrefu. Mama hakusema jina lake. Alingoja tu.

"Kanga yangu iko wapi?" mama mkubwa akauliza.

"Kanga gani?"

"Uliyotukua sandukuni mwangu siku ya arusi yangu. Wajitia hujui?"

Mama akaangua kilio na kicheko pamoja. "Ndoo ndani," akasema, akimfungulia mlango, "ndoo nikwambie."

Tukampandisha, na kiti kile cha juu kikamfaa. Mimi hakunijua, aliuliza dereva analipwa ngapi. Nikashika barabara, themanini, na nyuma kesi ya kanga ikaanza: ilikuwa na mji gani katikati na pindo gani, nani aliianika, nani aliiona mara ya mwisho. Tulipopita Gede mama mkubwa akasahau jibu, akauliza upya, kanga yangu iko wapi, na mama akamjibu tangu mwanzo, kwa hasira ile ile, kana kwamba ndiyo kwanza anashtakiwa. Mikono yao ilikuwa imeshikana.

Hapo ndipo taa ilipozimika. Nilitakiwa kugeuza turudi, tangi lenyewe lilikuwa nusu, na mimi ni mtu wa kuweka.

"Imezima?" mama akauliza kutoka nyuma.

Nikamwambia bado, nikashikilia themanini.